Uzoefu wa Utafiti Umo Katika Rejesta

Kila mwaka, dirisha la maombi ya shahada za uzamili linapofunguliwa, wako watumishi wa afya wanaoijaza fomu vizuri mpaka wafike kwenye kisanduku kimoja, na hapo kalamu husita. Kisanduku hicho huuliza juu ya uzoefu wa utafiti na machapisho. Mwombaji aliyesoma Dar es Salaam akabaki huko huko, akapata nafasi ya kuingiza takwimu katika mradi wa mwalimu wake, ana la kuandika. Mwenzake aliyepangiwa kituo cha kazi Mtwara Vijijini hana, au anaamini kwamba hana. Wengi katika kundi hili la pili hawajakataliwa na chuo chochote, kwa kuwa fomu zao hazikufika chuoni. Zilibaki kwenye droo ya meza ya zahanati, chini ya kadi za kliniki.

Yafaa ieleweke mapema kwamba kanuni zenyewe si kali kama zinavyodhaniwa. Kujiunga na shahada ya uzamili nchini Tanzania hutegemea kwanza shahada ya kwanza inayotambuliwa, pamoja na alama zake. Makala iliyochapishwa si sharti la msingi. Daktari anayeomba shahada ya umahiri, ile ya MMed, hutakiwa awe amemaliza mafunzo ya vitendo na kusajiliwa, kisha utafiti hufundishwa ndani ya masomo yenyewe na tasnifu huandikwa kabla ya kuhitimu. Kizuizi huonekana zaidi kwenye ufadhili, kwenye vyuo vya nje, na kwenye shahada zinazosomwa kwa utafiti mtupu. Huko waombaji ni wengi na nafasi ni chache, na kisanduku kile cha machapisho hugeuka chekeche. Kwa tabibu au muuguzi mwenye stashahada, ngazi iliyo mbele yake ni shahada ya kwanza, na suala hili litamkuta baadaye. Hata hivyo, yanayosemwa hapa kuhusu rejesta yanamhusu tangu leo.

Madimba iko kusini-mashariki mwa mji wa Mtwara, kwenye njia ya kuelekea Msimbati. Msomaji wa mbali huijua kwa gesi: iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, na mtambo wa kuichakata uliopo Madimba ulizinduliwa mwaka 2015, gesi ikaanza kusafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam. Anayeishi upande huo wa pwani anaijua nchi yake kwa mambo mengine: mikorosho na minazi, nyavu na mitumbwi, mikoko ya mlango wa Ruvuma, na hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000. Kwa mtumishi wa afya mwenye macho, kila kimoja cha vitu hivyo huzaa swali la kitabibu, na mengi ya maswali hayo hayawezi kuulizwa na mtu aliyefika juzi kwa gari la mradi.

Mfano ni salfa. Mikorosho inapochanua, kati ya Juni na Septemba hivi, wakulima huipulizia unga wa salfa ili kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Mashine hubebwa mgongoni, upepo wa pwani hauchagui pa kuelekea, na si kila mpuliziaji ana barakoa ya maana. Kwamba vumbi la salfa huwasha macho na kukereketa njia ya hewa ni jambo linalojulikana vitabuni. Lisilojulikana, mpaka mtu alihesabu, ni ukubwa wa tatizo mahali hapa: wanaokuja na macho mekundu na kikohozi huongezeka kwa kiasi gani katika wiki za kupulizia? Ni wapuliziaji peke yao, au na watoto wanaochukuliwa shambani na mama zao? Mgonjwa wa pumu hupatwa na nini msimu huo? Muuguzi aliyekaa kituoni misimu mitatu tayari anashuku majibu. Anajua pia kwamba kikohozi hicho huandikwa kwenye rejesta kwa kifupisho kile kile kinachoandikiwa mafua ya Januari, na kwamba kwa sababu hiyo hakuna atakayekiona akiwa Dodoma.

Swali jingine liko kwenye kuhamahama. Wakati wa mavuno ya korosho familia huenda kukaa mashambani kwa majuma, na tarehe za kliniki hubaki kijijini. Mgonjwa wa kifua kikuu aliye katikati ya dozi, mama anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, mtoto anayesubiri chanjo inayofuata, wote hawa kadi zao huonekana kama za watoro. Mtumishi wa hapo huwajua kuwa si watoro. Upande wa kusini kuna mto ambao ni mpaka wa nchi lakini haujapata kuwa mpaka wa ukoo, na tangu machafuko yaanze Cabo Delgado mwaka 2017 wapo waliovuka wakiwa na maradhi yao na bila kumbukumbu zao. Na kuna swali ambalo wananchi wanaoishi jirani na mtambo wowote wa viwandani huuliza, kama hewa na maji yao yako salama. Swali hilo halijibiwi na uvumi, wala na kukanusha kwa jazba. Linajibiwa na vipimo vilivyochukuliwa kwa utaratibu na kurudiwa.

Sasa itazamwe kazi ya kila siku ya mtu huyo anayesema hana uzoefu. Mbele yake kuna vitabu vya MTUHA: tarehe, jina, umri, jinsi, makazi, utambuzi wa ugonjwa, tiba. Mwisho wa mwezi hukaa na kalamu kuhesabu kwa vijiti vitano vitano, hujaza fomu ya majumuisho, na takwimu hupanda hadi halmashauri na kuingizwa kwenye mfumo wa DHIS2. Yeye peke yake ndiye anayejua mahali takwimu hizo zinapodanganya. Mwezi ambao vipimo vya haraka vya malaria vimekwisha stoo, malaria iliyothibitishwa hushuka kwenye chati, na mtu wa mbali anaweza kushangilia mafanikio ya vyandarua. Wiki ambayo mtumishi mmoja yuko likizo, idadi ya wagonjwa hupungua bila kijiji kupona chochote. Mvua ikikata barabara, kliniki hukosa wajawazito. Kujua kwamba namba ina chanzo, na kwamba chanzo kinaweza kuharibika, ni nusu ya elimu ya utafiti, na wako wanafunzi wa uzamili wanaofika kwenye utetezi wa tasnifu bila kuipata nusu hiyo. Wamepewa jedwali safi na programu ya takwimu, wakaamini.

Historia ya mkoa huo huo inatoa ushahidi. Mwaka 1952 na 1953 watu wa wilaya ya Newala, juu ya uwanda wa Wamakonde, walishikwa na homa ya ghafla iliyoambatana na maumivu makali ya viungo, kiasi cha mgonjwa kushindwa kusimama wima. Mwanzoni ilifanana na denge. Daktari Marion Robinson, aliyekuwa akitibu huko kusini, alieleza dalili zake kwa makini, W. H. R. Lumsden wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe alifuatilia mwenendo wa mlipuko huo vijijini. Maelezo yao yalichapishwa mwaka 1955. Mwaka uliofuata R. W. Ross alitoa taarifa ya kutengwa kwa kirusi chenyewe. Jina chikungunya, linalotamkwa leo kutoka India hadi Brazil, limetokana na kitenzi cha Kimakonde kinachoeleza kupinda au kujikunja. Maana yake ni kwamba hatua ya kwanza ya maarifa hayo ilikuwa ni wagonjwa kulipa jina lile walilokuwa wakilihisi, na mtu wa kituoni kukubali kwamba lile si jambo la kila siku. Maabara ilikuja baadaye, na ilikuwa lazima ije.

Mfano wa pili unatoka Kampala. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji wa Mulago, hakuwa mtu wa maabara. Mwaka 1957 mwenzake Hugh Trowell alimwonyesha mtoto mwenye uvimbe wa taya pande zote mbili. Haukupita muda akamwona mtoto mwingine Jinja mwenye hali ile ile. Alirudi kwenye majalada, akahesabu, akachapisha maelezo mwaka 1958. Kisha akatuma karatasi za maswali zenye picha kwa hospitali za serikali na za misheni barani Afrika, akiuliza kitu kimoja: mmewahi kumwona mtoto wa namna hii? Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa gari lililokwishatumika karibu kilomita 16,000, wakipita hospitali moja baada ya nyingine kuelekea kusini mwa bara, hadi ramani ya saratani hiyo ikaonekana kufuata joto na mvua. Sampuli alizotuma London zilimwezesha Anthony Epstein na wenzake kukitambua mwaka 1964 kirusi kinachojulikana kwa majina ya Epstein na Barr.

Mifano hii isipambwe kupita kiasi. Wote waliotajwa walikuwa wageni waliobebwa na utawala wa wakati ule, wenye lugha ya majarida na taasisi ya kuwapokea. Wauguzi, wakalimani na wahudumu Waafrika waliowashika mkono hawakuwekwa kwenye orodha ya waandishi. Hilo lenyewe ni sababu ya kutotaka historia ijirudie kwa sura mpya, ambapo mtumishi wa pwani hukusanya na jina la mwingine huchapishwa. Jambo linalobaki kweli ni kwamba kazi zote mbili zilianza kwa uangalifu wa kitabibu na hesabu rahisi, vitu ambavyo kituo cha afya kinavyo.

Hapa inabidi kusimama kidogo, kwa ajili ya wagonjwa wanaosoma jarida hili. Rejesta si mali ya mtumishi. Jina la mgonjwa na ugonjwa wake viliandikwa ili atibiwe, na hakuna shahada inayompa mtu haki ya kupiga picha kurasa hizo kwa simu na kuzipeleka kwa profesa. Kuhesabu wagonjwa ili kuboresha huduma ya kituo, kwa idhini ya mganga mfawidhi na Mganga Mkuu wa Wilaya, ni sehemu ya kazi. Kuyatoa matokeo hayo kama utafiti ni jambo jingine: hapo kinahitajika kibali cha kamati ya maadili, na kwa utafiti wa afya nchini Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ndiyo yenye dhamana ya kitaifa. Mwombaji anayeijua tofauti hiyo na kuiandika waziwazi kwenye barua yake ameshaonyesha jambo ambalo makala tatu zilizochapishwa haziwezi kumthibitishia mtu. Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza: damu niliyotoa mwaka jana kwa wale vijana wenye masanduku ya barafu ilionyesha nini? Pwani ya kusini ina kaya zilizojibu madodoso mengi na kurudishiwa majibu machache. Mtafiti aliyeajiriwa hapo hapo hawezi kutoroka swali hilo kirahisi, maana atakutana na muulizaji sokoni.

Kinachosikitisha ni njia ya mkato ambayo baadhi ya waombaji huichagua wanapokitazama kisanduku kitupu. Wapo majarida laghai yanayopokea makala yoyote kwa ada na kuichapisha ndani ya siku chache bila mtu kuisoma. Wapo wanaoomba majina yao yaingizwe kama mwandishi wa saba katika kazi wasiyoijua kichwa wala miguu. Kamati yenye uzoefu hulitambua jarida la namna hiyo mara moja, na jambo lililokusudiwa kuwa pambo huwa doa. Asiyelitambua ni mwombaji, ambaye ametoa mshahara wake wa mwezi kununua hasara.

Barua ya maombi iliyo dhaifu huanza na shauku: mwombaji amependa sayansi tangu utotoni, ana ndoto ya kusaidia jamii. Msomaji wa kamati ameshasoma mia za namna hiyo kabla ya chakula cha mchana. Barua yenye nguvu, kutoka kwa mtu asiye na chapisho hata moja, huweza kusema hivi: kwa miezi 24, kwa idhini ya mganga mfawidhi, mwombaji alihesabu wagonjwa wa macho na kikohozi kwa kila wiki, aligundua kwamba safu ya utambuzi haitoshi, hivyo akaongeza alama ndogo ya kazi ya mgonjwa, aliona ongezeko katika msimu wa kupulizia salfa, hawezi kusema kwamba salfa ndiyo sababu, kwa kuwa msimu huo pia ni wa baridi na moshi wa jikoni huongezeka, anaomba kufundishwa namna ya kutenganisha mambo hayo mawili. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayobeba barua nzima. Inaonyesha mtu aliyefika ukingoni mwa anayoyajua, akaona wapi pa kuvukia. Barua kama hiyo ikitumwa pia kwa mwalimu anayeshughulikia magonjwa ya njia ya hewa au afya ya mahali pa kazi, kwa aya tatu za heshima na bila kumwambatishia vyeti kumi na viwili, mara nyingi hujibiwa. Wadhamini nao wachaguliwe kwa msingi huo: mganga mfawidhi aliyeiona kazi hiyo ikifanyika anafaa kuliko mkubwa wa mbali anayemjua mwombaji kwa jina la ukoo.

Vyuo vina hoja yao, nayo ina uzito. Wasimamizi ni wachache, na mwanafunzi asiyewahi kuandika andiko la utafiti hula muda wa msimamizi mmoja kama wanafunzi watatu. Lakini mwandishi wa saba wa kazi asiyoijua hula muda ule ule, tofauti ni kwamba kamati haikutarajia. Kisanduku cha machapisho hupima ukaribu na miradi, ukaribu na mwalimu, na uwezo wa kujitolea miezi sita bila mshahara katika mji wenye kodi kubwa ya nyumba. Hakipimi akili ya kuuliza. Kamati inayotaka kuipima hiyo ingeweza kudai kurasa mbili: tatizo moja ulilolishuhudia mahali pako pa kazi, namba ulizonazo, na sababu ya kutoziamini. Usaili mfupi wa simu ungeonyesha kama kurasa hizo zimeandikwa na mwombaji mwenyewe. Mtu wa mjini hatapunjwa na utaratibu huo. Atapimwa kwa mizani moja na mwenzake.

Wala hili si wazo la kufikirika. Mpango wa mafunzo ya epidemiolojia na maabara kwa vitendo ulioanza nchini mwaka 2008, ukiihusisha Wizara ya Afya, MUHAS na NIMR, huchukua watumishi walioko kazini, huwafundisha darasani kwa sehemu ndogo ya muda, na sehemu kubwa huwaweka kwenye milipuko na takwimu halisi za nchi. Mfano wake wa mbali ni ule wa Marekani uliobuniwa na Alexander Langmuir mwaka 1951. Msingi wa mipango hiyo ni kwamba utafiti hujifunzwa kwa kuufanya chini ya msimamizi, na kwamba aliyewahi kushika rejesta ana pa kuanzia. Ipo pia ngazi fupi ya miezi 3 kwa watumishi wa wilaya, ambayo mwombaji asiye na chochote cha kuandika angefanya vyema kuiulizia kwa Mganga Mkuu wa Wilaya kabla ya kulipa ada ya jarida lolote.

Muda nao una makali yake. Baadhi ya ufadhili huhesabu kazi ya kituoni kama sifa: ule wa DAAD wa Ujerumani kwa masomo yanayohusu maendeleo hudai angalau miaka 2 ya uzoefu wa kazi. Ufadhili huo huo, kwa kawaida, hutaka shahada ya mwisho isiwe imepita miaka 6. Mtumishi anayesubiri mpaka apate machapisho ndipo aombe anaweza kukuta sifa aliyokuwa nayo imekwisha huku akiitafuta asiyoihitaji.

Limebaki gumu kuliko yote, na halimo kwenye fomu. Kituo chenye watumishi wawili wa kitaaluma kikimwachia mmoja aende masomoni miaka miwili, anayebaki huzalisha, huchanja na hutibu peke yake usiku na mchana. Mwajiri anapochelewesha ruhusa ya masomo si kila mara ni roho mbaya. Kwa sababu hiyo vyuo vinavyotaka waombaji wa namna hii vingepaswa kukaa na halmashauri kabla ya barua za udahili kutoka, na kupanga masomo ya darasani yaende kwa mafungu, kisha kazi ya tasnifu ifanyike kwenye wilaya anayotoka mwanafunzi, katika msimu ambao swali lake linahitaji. Swali la salfa likisomwa Dar es Salaam mwezi wa Februari halina mikorosho wala wagonjwa. Likisomwa Madimba kuanzia Juni, mtafiti yuko umbali wa chumba kimoja na wodi ya wazazi, na mwenzake wa zamu anaweza kumgongea mlango.